Pumzi Kabla ya Ubeti wa Pili

Jumapili, 16 Machi

Christine wa kwaya amenikamata leo nje ya kanisa, hata Biblia sijaiweka kwapani vizuri. "Baba Lavender, nimemsikia Lavender akipumua."  Mtoto wangu tulimzika Oktoba ya mwaka juzi, na huyu ananiletea habari za kupumua mbele ya watu wanaonunua mandazi.

Kumbe ni ule wimbo. Mwaka aliofariki, kwaya yetu hapa Gatwekera, Kibera, ilirekodi nyimbo nane, na mmoja aliuongoza yeye. Mimi huusikiliza kwa simu, ule uliotumwa kwenye grupu la WhatsApp. Christine naye anafanya kazi ya nyumba Lavington, kwa bwana mmoja wa wale wanaopenda sauti kama wengine wanavyopenda pombe. Huyo bwana alimvisha hedfoni zake, akamtafutia albamu ya kwaya kwenye app anayolipia, moja ya zile za muziki ambao haujabanwa na kupunguzwa. "Kabla ya ubeti wa pili," Christine akasema, "anavuta pumzi, na kile kifilimbi cha kifua kipo. Cha pumu yake."

Hicho kifilimbi nakijua. Miaka kumi na tisa nilikisikia kupitia pazia la nyumba yetu, na ndicho kilichomchukua. Nimerudi nyumbani nikausikiliza wimbo wa WhatsApp mara sita. Hakipo.

Nataka kukisikia. Sitaki kitu kingine msimu huu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeanza daftari hili ili mambo yawe wazi. Mimi Osewe ni fundi wa spika pale Gatina, Kawangware, na kila asubuhi naenda kwa miguu kutoka Kibera. Kwa miaka ishirini na miwili nilifunga muziki kwenye matatu, zile zinazopiga mpaka vioo vinatetemeka. Watu wananiita Masikio, na jina hilo sikujipa.

Banda letu ni la watu wawili. Upande mmoja mimi na nyaya zangu, upande wa pili Kavoi, Mkamba wa Kitui, na randa yake. Yeye anatengeneza maboksi, mimi naweka spika ndani na kuzitafutia sauti. Ni mtu mzuri, lakini masikio yake ni ya mbao kama kazi yake.

Nimemweleza mpango. App tatu zina hiyo albamu, zote zinajigamba kuwa na sauti ya hali ya juu. Nitazilinganisha mpaka nijue ipi haijamkata mtoto wangu. Majina siyaandiki, nisije nikashtakiwa na watu nisiowajua. Nitaziita kwa rangi ya alama zake: Kijani, Bluu na Nyeusi.

"Na kama hakuna tofauti, omera?" Kavoi akauliza. Omera, yaani ndugu yangu, ni neno letu Wajaluo, analitumia kunichokoza.

"Hakuna tofauti kwa masikio gani? Hayo yako?"

Akacheka, akarudi kwa mbao zake.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imefika. Juu ya mabati hakuna kusikiliza kitu.

Jumamosi, 22 Machi

Kulikuwa kukavu asubuhi, nikaanza na Kijani. Nikavaa hedfoni ambazo mteja aliniachia zitengenezwe na hakurudi tena. Besi nzuri, sauti imejaa. Ubeti wa kwanza ukaisha, nikafumba macho, nikashika pumzi yangu mwenyewe. Ngoma, ngoma, halafu tayari anaimba ubeti wa pili. Hakuna kitu hapo katikati.

Bluu vilevile. Nyeusi vilevile.

Christine ni msichana wa kanisa, hawezi kunidanganya. Basi app ndizo zinazodanganya.

Jumamosi, 29 Machi

Aibu. Kavoi ameniangalia nikisikiliza, halafu akauliza polepole, "Hizo hedfoni hazina waya?"

"Ni za bluetooth. Kwani?"

"Si juzi ulimwambia yule kinyozi bluetooth inabana muziki?"

Yawa! Nilimwambia, tena kwa sauti ya kumdharau. Wiki nzima nimekuwa nikilinganisha app tatu kupitia bomba moja jembamba, halafu nashangaa maji ni sawa. Nimetafuta waya, na kile kidude cha kuchomeka kwenye simu kinachotoa sauti bila kuibana. Ningesahihishwa na fundi mwenzangu ningenyamaza, lakini na seremala? Sikumwambia asante.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kutwa. Bluu ilikwama katikati ya wimbo.

Jumamosi, 5 Aprili

Kosa lingine, na hili nimeligundua mwenyewe. Kijani hupandisha sauti juu kidogo kuliko wenzake, na kitu kikiwa juu unadhani ni kizuri. Nimezisawazisha zote tatu kwa mita, nyaya mbili kwenye tundu la hedfoni. Sasa hakuna anayempigia mwenzake kelele.

Kijani: hakipo. Bluu: hakipo. Nyeusi: hakipo. Nimerudia mara kumi na mbili.

Jumatano, 9 Aprili

Magdaline, mke wangu, amenigombeza. Nguo zililowa kwenye kamba na mimi nimekaa pale mlangoni nikiandika.

"Sikusikia mvua," nikamwambia.

"Baba Lavender, ilikuwa inanyesha juu ya kichwa chako."

Manyunyu tu yale. Nani anasikia manyunyu?

Halafu akaona hedfoni mezani, akajua. Tangu mazishi hajausikiliza ule wimbo. Ukipigwa kanisani anatoka nje. "Unataka nini na pumzi ya mtoto?" akaniuliza. "Ile ya mwisho haikukutosha?"

 Ile ya mwisho sikuwepo, naye anajua, na anajua kwamba najua.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimempa Kavoi asikilize, kwa kukata tamaa tu. Nilimvisha hedfoni, nikaweka Nyeusi, nikamwambia asubiri kabla ya ubeti wa pili. Alikuwa ameshika msasa mkononi. Pale mahali pakapita, mkono ukasimama. Akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha.

"Umesikia?"

Akavua hedfoni, akazifuta vumbi la mbao taratibu sana. "Sijui, omera. Si unasema masikio yangu ni ya mbao?"

Nilijua tu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Maji yameingia nyumba za chini karibu na mto. Wimbo ukapigwa, Magdaline akatoka nje kwenye mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwandikia yule bwana wa Lavington kupitia kwa Christine. Amejibu kwa upole. Anasema Bluu ni nzuri mtandao ukiwa mzuri, lakini ukidhoofika inashusha ubora kimyakimya bila kukuambia. Nyeusi, anasema, ukiushusha wimbo mzima kwenye simu kwanza, unabaki ulivyo. Na mwishoni: "Hiyo pumzi inasikika wazi sana, mzee. Haihitaji masikio ya mtaalamu."

Nimeushusha. Nimesikiliza. Hakipo.

Huyo naye ajisifu huko kwake. Watu wenye hela hununua kitu halafu wanasikia kile walichonunua.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Sikuenda kazini.

Nitaandika jambo ambalo sijawahi kuliandika. Sisi mafundi wa muziki wa matatu tulikuwa na desturi yetu, tuliiita kukalia wimbo. Ukimaliza kufunga, mwenye gari anafunga milango na madirisha, wewe unakaa kiti cha nyuma kabisa juu ya wufa, ile spika kubwa ya besi, na wimbo mmoja unapigwa mwanzo mpaka mwisho, sauti yote. Ukitoka kabla haujaisha, unachekwa Kawangware nzima na kazi hupati tena. Mimi sikuwahi kutoka. Mara nyingine niliomba wa pili, ili vijana wanione.

Siku ile ya Oktoba, saa tisa mchana, nilikuwa nimekalia wimbo. Magdaline alipiga simu mara saba. Ilikuwa mfukoni, hapa kwenye paja. Gari lote lilikuwa linatetemeka, ningejuaje ni simu? Nilipotoka nikicheka, nikiwanyooshea vijana dole gumba, Lavender alikuwa ameshamaliza kuhangaika. Magdaline na jirani walikuwa wamembeba mpaka barabarani.

Tangu siku hiyo sijafunga muziki kwenye gari tena. Nimebaki na spika za makanisa na za vinyozi. Na sasa ninaomba pumzi moja tu, si nyingi.

Jumanne, 6 Mei

Haya lazima niyaandike leo.

Nilikuwa nimefunga kazi mapema, nikafika kwenye kona ya kwanza, nikakumbuka mwavuli. Nikarudi. Kavoi alikuwa ameinama juu ya spika niliyoimaliza leo, ya duka la simu. Amefungua wavu wa mbele, na mkononi ana kipande cha blanketi. Anakiweka mbele ya twita yangu, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Anakibandika gundi taratibu, kama mtu anayefunga kidonda.

"Unaniharibia kazi?"

Hakuruka. Aliweka gundi chini. "Keti, Osewe."

Huwa haniiti Osewe. Nikasema sikai, anieleze hicho kitambaa.

"Spika zako zinachoma," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Unapandisha twita mpaka inakata kama wembe, na bado unasema iko chini. Wateja walianza kuzirudisha. Yule kinyozi, yule pasta wa ghorofani. Niliwaambia mbao ilikuwa mbichi, kosa ni langu. Tangu hapo kila spika ninaiwekea kitambaa ukienda."

"Kila spika?"

"Kila moja."

Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikiwasikia wateja wakisema, "Masikio, kazi yako haijawahi kuwa safi hivi," nami nikitabasamu kama mjinga. Kazi safi ya blanketi!

Nikaropoka. Nilimwita mwizi wa jina. Nilimwambia anajua nini yeye kuhusu sauti, arudi akatengeneze majeneza, hiyo ndiyo kazi inayomfaa.

 Mwanamke anayeuza maharagwe hapo mlangoni aliacha kukoroga.

"Jeneza nimetengeneza moja tu maishani mwangu," Kavoi akasema. "Na unajua la nani."

Ninajua. Alikesha akilitengeneza, mninga mtupu, akalipiga msasa mpaka likawa kama ngozi ya mtoto, na aliponikabidhi hakutaka hata nimshukuru. Mungu wangu. Mdomo huu wangu.

Nilipokuwa nikitoka akaniambia mgongoni, "Ile pumzi nilisikia, Osewe. Siku ile uliponivisha hedfoni. Nilishindwa kukuambia."

Mwavuli niliuacha.

Jumatano, 7 Mei

Sikutoka kitandani.

Alhamisi, 8 Mei

Magdaline ameniuliza ninaumwa wapi. Nikamwambia tumbo.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi Gatina. Jua kali, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Kavoi alikuwa kazini. Sikujua nianzie wapi, nikasema, "Ulichosema, nionyeshe."

Akavuta kiti changu, akakifuta. Kwenye simu yake kuna kitu cha kutoa mlio mmoja, unaanza chini na kupanda polepole. Nafikiri alikuwa amekitayarisha siku nyingi. Akakiunganisha na spika kubwa iliyokuwa mezani, akanigeuza nisione simu. "Ukiacha kusikia, inua mkono."

Ukaanza kwa kunguruma. Ukapanda, ukawa kama mbu, ukawa mwembamba, mwembamba zaidi, ukaisha. Nikainua mkono. "Umezima?"

Niligeuka. Kavoi alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, macho ameyakunja. Mbwa wa jirani alikuwa amesimama, kichwa upande. Na yule mwanamke wa maharagwe alikuwa amefungua mdomo mkubwa, anapiga kelele, na hiyo ndiyo sauti niliyoisikia: "Zimeni hiyo kitu! Aki mtatuua!"

Nilikaa katikati ya makelele hayo yote kwenye kimya kizuri kabisa. Sijawahi kuogopa hivyo.

Alipozima, nikauliza imeishia wapi kwangu. Akanionyesha namba ya kimo cha mlio. Nilijua maana yake, mimi ni fundi. Juu ya hapo ndipo kuna kayamba, kuna herufi s, kuna manyunyu juu ya bati. Kuna kifilimbi cha kifua cha mtu mwenye pumu.

"Ni yale magari," Kavoi akasema.

"Ni mimi. Gari halikunilazimisha kukaa."

Nilimwomba msamaha kwa lile neno la majeneza. Akasema yaishe. Halafu tukakaa, wanaume wawili wazima, tukila maharagwe ya yule mama. Nimekuwa nikimwona huyu mtu kila siku miaka tisa na nilikuwa simjui.

Jumanne, 13 Mei

Nimeenda hospitalini kupimwa masikio. Msichana wa vipimo alikuwa mpole, aliongea nami uso kwa uso, polepole. Kilichokufa humo ndani hakirudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vinasaidia kusikia maneno ya watu. Nikamuuliza vitanisaidia kusikia kitu chembamba sana, kama pumzi, kwenye wimbo.  Akasema hawezi kuniahidi hilo.

Mvua ilininyeshea kurudi. Ile kubwa, hii bado naisikia.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemaliza ulinganisho, mimi na Kavoi. Mimi nashika mita na simu, yeye anavaa hedfoni. Ninamgeuzia mgongo asijue ni ipi, anasema, naandika. Tumefanya mara kumi kila moja.

Kijani: pumzi ipo, lakini kayamba imeichafua, kama mtu anayepumua nyuma ya mlango. Kavoi ameipata mara sita.

Bluu: mara nane. Zile mbili, mtandao ulikuwa umeshuka. Yule bwana wa Lavington alisema kweli, na mimi nilimtukana bure.

Nyeusi, ikiwa imeshushwa kwenye simu: mara kumi. "Iko hapa," Kavoi akasema akigusa shingo yake mwenyewe. "Kama amesimama karibu nami."

Basi nimepata nilichotafuta. Nyeusi ndiyo ambayo haijamkata mtoto wangu. Kila mtu mwenye masikio anaweza kumsikia.

Jumapili, 18 Mei

Sijamwambia Magdaline. Wimbo ulipigwa, akatoka. Nilimfuata nje nikasimama naye. 

Alhamisi, 22 Mei

Nilichoma twita mbili leo kwa bahati mbaya. Kavoi akasema sasa yeye ndiye atakuwa anatafuta sauti na mimi nitafunga nyaya. Alisema huku akiangalia msumeno. Nikakubali. Mteja alipokuja akaita, "Masikio yuko wapi?" Tukaangaliana na Kavoi, hakuna aliyeitika.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imepungua. Baada ya ibada nilimkalisha Magdaline kitandani, nikamwambia yote. Blanketi, mlio, mbwa, hospitali. Nilidhani atasema nimevuna nilichopanda kwenye yale magari. Ilikuwa haki yake.

Akasema, "Ndiyo maana siku hizi hunijibu nikiwa nimekupa mgongo. Nilidhani umenichoka."

"Mama Lavender, nikuchoke vipi?"

Tukalia. Mimi kwanza.

Baadaye akauliza, "Kwa hiyo miezi hii yote hujamsikia?"

"Hata mara moja."

 Kisha akanyoosha mkono. "Nipe hizo hedfoni."

Nilimwambia si lazima. Akasema, "Mmoja wetu lazima amsikie." Nikamvisha, nikaweka Nyeusi. Akanishika mkono. Ubeti wa kwanza aliangalia chini tu, midomo imebanwa. Niliufuata wimbo kwa kuangalia macho yake, maana mimi sikuwa na hedfoni. Halafu vidole vyake vikanifinya kwa nguvu, mara moja, na kifua chake kikapanda pamoja na cha mtoto.

"Kipo," akasema. Uso wote ulikuwa umelowa. "Bado kinapiga, Baba Lavender. Anavuta haraka, kinalia kidogo, halafu anaingia."

"Rudia," nikamwambia. "Akifika hapo, nifinye."

Tulirudia mara nne. Mara ya tano alinipa hedfoni nivae mimi. Kayamba sikuisikia, pumzi sikuisikia. Lakini ubeti wa kwanza ulipoisha nilijua mahali penyewe, na nikamfinya mimi.